Miaka minne ya masomo Ujerumani: imenisogeza kiasi gani kwenye ukaazi wa kudumu?

*Habari za kazi. Mimi ni Mtanzania, nina miaka 29. Nilifika Ujerumani Oktoba 2022 kusoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa mazingira, masomo yote kwa Kiingereza. Nimechelewa kumaliza kwa sababu ya kufanya kazi, lakini Julai hii natetea tasnifu. Kibali changu kinaisha mwishoni mwa Septemba. Wikendi nabeba maboksi kwenye ghala, na Kijerumani changu ni cha kiwango cha A2, yaani bado cha mwanzo. Wenzangu kila mmoja ananiambia lake. Mmoja anasema nijisajili kozi nyingine yoyote nifikishe miaka mitano, ukaazi wa kudumu utakuja wenyewe. Mwingine anasema nijilipue, yaani niombe hifadhi ya ukimbizi. Kuna mtu pia ananiuzia mkataba wa kazi kwa euro 3,000. Na nyumbani wanauliza kama nikipata makaratasi ndiyo nimeacha kuwa Mtanzania. Nimechoka kichwa. Nianzie wapi?*

Dada yangu, pole na uchovu wa kichwa, na hongera kwa kufika kwenye utetezi. Umenitajia hofu nne, lakini nikisoma barua yako naona zote zina mzizi mmoja: unaogopa kwamba miaka hii karibu minne inaweza kupotea bure Septemba ikifika. Haitapotea. Ila haifanyi kazi kwa namna wenzako wanavyodhani, na ukiwafuata ndipo itakapopotea kweli.

Nianze na hii ya miaka mitano, kwa sababu ndiyo inayowaponza wengi. Ni kweli sheria ya ukaazi ya Ujerumani ina njia ya kawaida ya ukaazi wa kudumu inayodai miaka mitano. Lakini sheria hiyohiyo inasema muda wa kuwa mwanafunzi huhesabiwa nusu. Miaka yako minne ya chuo inasomeka kama miwili. Ukijisajili kozi nyingine ili tu siku zisogee, kila mwaka unaoishi unapata miezi sita. Juu yake, njia hiyo inadai pia michango ya miezi 60 kwenye mfuko wa pensheni, na mwanafunzi anayebeba maboksi wikendi mara nyingi huwa mbali na idadi hiyo. Na ofisi ya wageni, ile Ausländerbehörde, hailazimiki kukuongezea kibali cha masomo kwa kozi ambayo haionekani kuwa na mwelekeo. Wanaangalia kama masomo yanakwenda, na mwenye shahada ya uzamili anayerudi ghafla mwaka wa kwanza wa fani nyingine anaulizwa maswali.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima, na ningeomba ulisome mara mbili. Kibali cha ukaazi cha Ujerumani hakitolewi kwa sababu wewe ni mtu mwema uliyekaa muda mrefu. Kinatolewa kwa kazi maalumu iliyoandikwa juu yake: kusoma, kutafuta kazi, kufanya kazi ya kitaalamu, kuishi na familia. Ni kama tiketi ya basi: aliyekata ya Morogoro hafiki Mbeya kwa sababu tu amekaa muda mrefu ndani ya basi. Chako ni cha kifungu cha 16b cha sheria hiyo ya ukaazi, yaani masomo. Njia fupi ya ukaazi wa kudumu, ambayo nitakueleza sasa hivi, inahesabu miezi uliyokaa ukiwa na kibali cha kazi ya kitaalamu peke yake. Kwa hiyo swali la kujiuliza kila asubuhi ni hili: saa ya kuhesabu miezi hiyo itaanza lini?

Njia yenyewe ipo kwenye kifungu cha 18c. Mtu aliyehitimu chuo kikuu nchini Ujerumani anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka miwili tu ya kuwa na kibali cha kazi ya kitaalamu, akiwa na miezi 24 ya michango ya pensheni, Kijerumani cha kiwango cha B1 (hatua moja juu ya A2 yako), nyumba ya kumtosha yeye na familia anayoishi nayo, mshahara wa kujitegemea, na cheti cha mtihani wa Leben in Deutschland, yaani Maisha Ujerumani, unaohusu sheria na jamii ya nchi. Mtaalamu aliyesomea Dar es Salaam au Nairobi akaja moja kwa moja kufanya kazi husubiri miaka mitatu. Huo mwaka mmoja uliopunguziwa ndiyo thamani ya miaka yako ya chuo machoni pa sheria. Hukuijua, lakini umeshaipata, mradi tu umalize na upate cheti. Ndiyo maana nakusihi usiache tasnifu ipite Julai kwa ajili ya zamu za ghala.

Sasa kati ya Julai na hiyo saa kuanza kuhesabu kuna daraja. Ukishahitimu, kifungu cha 20 kinakupa kibali cha hadi miezi 18 cha kutafuta kazi inayolingana na elimu yako. Ndani ya muda huo unaruhusiwa kufanya kazi yoyote bila kikomo cha saa, hata hilo ghala, ili upate kodi ya nyumba na chakula. Lakini miezi hiyo haihesabiwi katika ile miaka miwili, na kazi ya kubeba maboksi haigeuki kuwa kazi ya kitaalamu hata ukiifanya kwa mkataba wa kudumu. Nimeona vijana wenye shahada nzuri wakizama humo: mshahara wa ghala unaingia kila mwezi, deni la nyumbani linapungua, maombi ya kazi yanaahirishwa mpaka wiki ijayo, kisha mwezi wa 15 unafika. Miezi 18 haiongezwi. Fanya kazi ya ghala kwa saa zinazokulisha, saa zilizobaki ziwe za kutafuta kazi na za Kijerumani.

Na kama ukipata mkataba wa kazi ya fani yako kabla au mara tu baada ya utetezi, usipitie kibali cha kutafuta kazi kabisa. Unaweza kutoka kwenye kibali cha masomo ukaingia moja kwa moja kwenye cha kazi.

Kuhusu tarehe, kuwa mkali sana na nafsi yako. Omba kibali kipya kabla cha sasa hakijaisha. Ukiomba ndani ya muda, sheria inakulinda: kibali cha zamani kinahesabika kuwa hai mpaka wakuamulie, na unaweza kupewa hati ya muda iitwayo Fiktionsbescheinigung. Ukiomba siku moja baada ya kuisha, ulinzi huo hauji wenyewe, unabaki kutegemea huruma ya afisa. Miadi katika miji mingi hukawia miezi, kwa hiyo wewe wa Septemba uombe sasa. Huna haja ya kusubiri cheti chenye mhuri wa dhahabu. Barua ya ofisi ya mitihani ya chuo kwamba umemaliza na kufaulu kwa kawaida inatosha kuanzia. Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: wakati wa kusubiri, masharti yanayoendelea ni yale ya kibali cha zamani, pamoja na kikomo chako cha mwanafunzi cha siku 140 nzima au 280 nusu kwa mwaka. Usihamie kazi ya muda wote siku ya pili baada ya utetezi. Subiri maandishi yanayosema kazi imeruhusiwa.

Angalia pia pasipoti. Kwa kawaida kibali hakitolewi kwa muda unaozidi uhai wa pasipoti yako. Kama yako inaisha ndani ya miaka miwili, wasiliana na ubalozi wetu Berlin mapema. Na bima ya afya: ile bei nafuu ya mwanafunzi inakoma unapotoka kwenye orodha ya chuo, na kwa kawaida haivuki muhula unaofikisha miaka 30. Piga simu kwa kampuni yako ya bima kabla ya Julai uulize utalipa kiasi gani, maana kukatika kwa bima hata mwezi mmoja huleta usumbufu kwenye kila ombi linalofuata.

Sasa kuhusu aina ya kibali cha kazi. Utasikia watu wakiisifu Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya kana kwamba bila hiyo hakuna maisha. Ni kibali kizuri. Kwa mwaka 2026 kinadai mshahara wa angalau euro 50,700 kwa mwaka kabla ya makato, na kwa fani zenye upungufu wa watu, uhandisi ukiwemo, pamoja na waliohitimu ndani ya miaka mitatu iliyopita, kima kinashuka hadi euro 45,934.20. Kiwango hiki hubadilika kila Januari. Mwenye Kadi ya Buluu anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 27 akiwa na Kijerumani cha A1, au miezi 21 akiwa na B1.

Kibali cha pili ni cha kifungu cha 18b, cha mtaalamu mwenye shahada. Hiki, kwa mtu wa umri wako, hakina kima maalumu cha mshahara. Shirika la ajira la serikali linaangalia tu kwamba hulipwi chini ya Mjerumani anayefanya kazi kama yako mahali hapohapo. Tangu Novemba 2023 kazi yenyewe si lazima ifanane na fani uliyosomea, almradi ni kazi inayodai mafunzo ya kitaalamu na si taaluma yenye leseni yake, kama udaktari.

Piga hesabu utaona. Kwa mhitimu wa chuo cha Ujerumani mwenye B1, Kadi ya Buluu inampa ukaazi wa kudumu kwa miezi 21, na kibali cha 18b kwa miezi 24. Tofauti ni miezi mitatu. Nimewahi kusikia mtu akikataa kazi nzuri ya euro 42,000 kwenye ofisi ndogo ya wahandisi, akingoja ya Kadi ya Buluu, akangoja miezi minane. Kwa mtazamo wangu hilo ni kosa. Chukua kazi halali ya kitaalamu inayokuja kwanza, saa ianze kuhesabu. Kadi ya Buluu ina faida nyingine za kweli, kama vile mume au mke wako kuja bila kudaiwa mtihani wa Kijerumani, na uhuru wa kuwa nje ya Ujerumani hadi miezi 12 bila kibali kufa, wakati vibali vingine hufa ukikaa nje zaidi ya miezi sita. Kama hayo yanakugusa, yaweke kwenye mizani. Kama hayakugusi, usilie kwa kuikosa.

Kama profesa wako akikupa nafasi ya udaktari wa falsafa yenye mkataba wa ajira, ichukulie kama kazi. Lakini hakikisha ofisi ya wageni inakupa kibali cha mtafiti au cha kazi, si kukuongezea tena cha masomo. Watu wawili wanaweza kukaa maabara moja kwa mkataba unaofanana, mmoja akapata ukaazi wa kudumu akiwa mwaka wa tatu na mwenzake bado anahesabiwa nusunusu, kwa sababu ya namba ya kifungu iliyochapwa kwenye kadi. Sema wazi unachoomba, tena kwa maandishi.

Nimeacha Kijerumani mpaka sasa kwa makusudi, kwa sababu ndicho ninachokihofia zaidi kwako kuliko sheria zote. Chuo chako kilikufundisha kwa Kiingereza na kikakuacha uamini kwamba inawezekana kuishi hivyo. Katika kampuni za kompyuta za Berlin pengine. Uhandisi wa mazingira ni kazi ya mamlaka za maji taka, ofisi za ushauri za watu 15, halmashauri, makampuni ya kuchakata taka. Hapo ripoti zinaandikwa kwa Kijerumani, na mwenye tenki linalovuja hakupigii simu kwa Kiingereza. A2 yako itakunyima usaili mwingi kabla hata jina lako halijasomwa. Ukipanda hadi B1 umetimiza sharti la ukaazi, lakini kazi yenyewe mara nyingi itataka B2. Kituo cha lugha cha chuo huwa bure au karibu bure ukiwa bado mwanafunzi, kwa hiyo tumia miezi hii iliyobaki. Baadaye kuna Volkshochschule ya mji, yaani chuo cha elimu ya watu wazima, bei yake inavumilika. Ningekuwa mimi ndiye dada yako wa kuzaliwa, ningekuambia upunguze zamu moja ya ghala kila wiki uiweke hapo, ingawa najua kuna mtu nyumbani anaitegemea zamu hiyo.

Ule mtihani wa Leben in Deutschland usikutishe. Ni maswali 33 ya kuchagua jibu, kwa ukaazi wa kudumu ukipata 15 umepita, na maswali yote 310 yanayoweza kutoka yamewekwa wazi mtu ajisomee. Ufanye hata mwaka huu, cheti chake hakichachi.

Nirudi kwa washauri wako wawili waliobaki. Kujilipua kwanza. Mtu anayekimbia vita au mateso ana haki kamili ya kuomba hifadhi, na asione haya. Wapo ndugu zetu kutoka mashariki ya Kongo ambao hawana njia nyingine na wanastahili kulindwa. Lakini wewe huna kesi hiyo, na kuitunga ni kujifungia mlango uliokuwa wazi. Ukishaomba hifadhi, mpaka kesi yako iishe huwezi kupewa kibali kingine cha ukaazi isipokuwa kwa sababu chache ambazo sheria inalazimisha. Ombi likikataliwa kuwa la uongo dhahiri, vikwazo vinaongezeka. Mhitimu wa uhandisi mwenye miezi 18 halali mkononi kubadilishana na kambi na miaka ya kungoja, hapana dada, hapana kabisa.

Mkataba wa euro 3,000 nao ukatae leo. Kabla ya kukupa kibali, shirika la ajira huweza kuuliza mwajiri, kuangalia mshahara na kazi yenyewe. Na hata ukipenya, baada ya miaka miwili utadaiwa taarifa ya michango ya pensheni, nayo huandikwa na mfuko wenyewe. Kampuni hewa haichangii. Kutoa maelezo ya uongo ili upate kibali ni kosa la jinai linaloweza kuleta faini au kifungo cha hadi miaka mitatu, na anayeshtakiwa ni wewe mwenye jina kwenye fomu. Ujue pia bei halali: ada ya serikali ya ukaazi wa kudumu ni euro 113. Anayekudai maelfu anakuuzia woga wako mwenyewe.

Swali la nyumbani lina jibu jepesi kuliko wanavyodhani. Ukaazi wa kudumu si uraia. Ukiupata unabaki Mtanzania kamili, pasipoti ileile, kiwanja chako kilekile. Uraia wa Ujerumani ni ombi lingine kabisa, ambalo kwa sasa linaweza kuja baada ya miaka mitano ya kuishi kihalali, na huwezi kulipeleka ukiwa bado na kibali cha masomo. Ile njia ya mkato ya miaka mitatu ilifutwa Oktoba 2025, asikudanganye mtu. Tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani haimlazimishi mtu kuacha uraia wake wa zamani. Kikwazo kiko kwetu: sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na anayechukua wa nchi nyingine kwa hiari yake anapoteza wa kwetu, pamoja na haki ya kumiliki ardhi kama raia. Mkenya mwenzako wa darasani hana tatizo hilo, katiba yao ya 2010 inaruhusu. Kwa hiyo wewe na familia mna uamuzi mzito wa kufanya, lakini si mwaka huu, na watu wengi huishi Ujerumani maisha yao yote wakiwa na ukaazi wa kudumu tu.

Ukishaanza kazi, jambo moja la kulishika: ikitokea umeachishwa au mkataba umekatika kabla ya wakati, una wiki mbili za kuiarifu ofisi ya wageni. Usinyamaze ukidhani hawatajua. Anayearifu mapema kwa kawaida hupewa muda wa kutafuta kazi nyingine.

Yapo mambo ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa barua. Kama umewahi kupitisha siku za kazi ulizoruhusiwa, kama ulikaa kipindi chochote bila bima, kama una kesi polisi hata ndogo, au kama ofisi ya wageni imeshakuandikia barua ya kukusudia kukukatalia, usijaze fomu yoyote kabla ya kukaa ana kwa ana na mtu anayejua. Anza na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chako, na dawati la ushauri la Studierendenwerk, lile shirika la huduma za wanafunzi, hawatozi. Nje ya chuo kuna huduma ya ushauri kwa wahamiaji watu wazima, Migrationsberatung, inayotolewa bure na mashirika kama Caritas, Diakonie na AWO karibu kila mji. Barua ya kukataliwa ikishafika, huna muda wa kuzunguka: mara nyingi unakuwa na mwezi mmoja tu wa kupinga, nenda kwa wakili wa sheria za uhamiaji siku ileile, na uende na bahasha iliyoileta kwa sababu tarehe iliyo juu yake ina maana.

Kwa wiki hii, naomba ufanye mawili tu. Andika barua pepe kwa ofisi ya wageni ukiomba miadi ya kubadilisha kibali cha masomo kuwa cha kutafuta kazi, utaje tarehe ya utetezi na tarehe ya kibali kuisha, na uhifadhi nakala yake. Kisha nenda kituo cha lugha ukajiandikishe darasa la B1.